Maswali ya Wasomaji: Rangi Iliyogoma Kupanda

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kuwafundisha watoto difyusheni, yaani kule kusambaa kwa chembe za kitu ndani ya kimiminika au gesi mpaka zienee kote. Wapo wanaoiita mtawanyiko, na wapo wanaoiita usambaaji. Hapa nitatumia difyusheni, kwa kuwa ndilo neno ambalo mtoto atalisikia tena akifika sekondari. Barua nimezifupisha, lakini kiini cha swali la kila mtu sikukigusa.

Swali. Mwalimu, salaam. Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi hapa Uyole, Mbeya, na shule yetu haina maabara. Mwezi Juni nilichukua glasi mbili, moja nikaitia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai na nyingine maji ya bomba, ambayo asubuhi hapa kwetu huwa baridi ya kuumiza meno. Katika kila glasi nilidondosha punje moja ya pamanganeti ya potasiamu. Kwenye maji ya moto, glasi nzima iligeuka zambarau kabla sijamaliza kueleza. Kwenye maji baridi, rangi ilishuka kama uzi, ikajikunja chini ya glasi na kulala pale hadi kengele ya kutoka. Mwanafunzi mmoja akauliza: “Mwalimu, umesema chembe husambaa pande zote, mbona hizi zimeshuka chini tu?” Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo difyusheni, ila baridi imeipunguza mwendo. Moyo wangu haukuridhika na jibu hilo. Nilikosea wapi, na kipindi kijacho nifanye nini?

Jibu. Mwalimu mwenzangu, mpongeze mtoto huyo mbele ya darasa, maana ameona kitu ambacho wengi wetu tumepita juu yake kwa miaka. Uzi ule wa zambarau haukuwa difyusheni. Punje inapoyeyuka, maji yaliyoizunguka hujaa pamanganeti na kuwa mazito kuliko maji mengine ya glasi, kwa hiyo hushuka kama jiwe lishukavyo, isipokuwa kwa ulaini. Kinachosafiri pale ni maji yenyewe, yakiwa yameibeba rangi mgongoni.

Kwenye glasi ya moto nako kulikuwa na mbebaji mwingine. Maji yaliyo kando ya glasi hupoa haraka na kushuka, ya katikati yaliyo moto hupanda, na mzunguko huo, ambao katika somo la joto tunauita myuko, hukoroga glasi nzima bila mtu kushika kijiko. Ongeza msukosuko wa kumimina maji, na ule wa punje kudondoka kutoka juu, utaona kwamba rangi ilienezwa na mikondo zaidi kuliko mwendo wa chembe moja moja. Difyusheni ilikuwamo, sikatai, lakini ilikuwa kama mtu anayetembea ndani ya treni inayokimbia: huwezi kupima hatua zake kwa kutazama treni imefika wapi.

Tutazame hesabu, kwa sababu hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa tamu. Ndani ya maji yaliyotulia kabisa, chembe ndogo zilizoyeyuka huhitaji takriban nusu siku kusambaa umbali wa sentimita moja. Tena muda hauongezeki sawasawa na umbali: umbali ukiwa maradufu, muda huwa mara nne, umbali ukiwa mara kumi, muda huwa mara mia. Kanuni za mwendo huu ziliandikwa mwaka 1855 na Mjerumani Adolf Fick, aliyekuwa mtaalamu wa fiziolojia, na kwa kanuni hizo glasi yenye kina cha sentimita kumi ingehitaji karibu miezi miwili ili rangi ya chini ifike juu kwa difyusheni peke yake. Joto nalo lina mchango wake, ila ni mdogo kuliko tunavyowaambia watoto. Maji yakitoka nyuzi 10 za Selsiasi hadi nyuzi 60, kasi ya difyusheni huongezeka takriban mara tatu. Tofauti uliyoiona wewe, ya dakika moja upande huu na siku nzima upande wa pili, haiwezi kuelezwa na mara tatu.

Kwa hiyo glasi uliyodhani imeshindwa ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Rangi ilikwisha kushuka, ikatulia, na kwa kuwa maji yake yalikuwa mazito hapakuwa na mkondo wa kuipandisha. Kama ungeiacha pale hadi kesho yake, ungeikuta imepanda milimita kadhaa, ikiwa imekoza chini na kufifia kuelekea juu bila mpaka wa wazi. Kule kupanda dhidi ya uzito, bila kusukumwa wala kukorogwa, ndiko difyusheni.

Nikiri jambo. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, katika shule moja ya milimani, rangi ilinigomea hivyo hivyo asubuhi ya Julai mbele ya mkaguzi, nami nikageuka, nikaikoroga kwa kalamu na kutangaza matokeo. Mkaguzi alinipa alama nzuri. Darasa halikujifunza kitu, na nina hakika msichana mmoja wa dawati la mbele aliiona kalamu.

Kipindi kijacho fanya hivi. Jaza maji safi kwenye glasi au kwenye chupa ya plastiki uliyoikata shingo, uyaache mezani usiku kucha ili yawe na halijoto ya chumba na yatulie. Asubuhi ingiza mrija wa soda hadi uguse kitako cha glasi, udondoshe punje moja ndani ya mrija, kisha uuchomoe polepole bila kuziba mdomo wake. Hapo rangi itaanzia chini, mahali ambapo uzito wake hauwezi kuishusha zaidi. Bandika ukanda wa karatasi yenye alama za milimita ubavuni mwa glasi, uiweke kabatini au chini ya meza, mbali na dirisha, maana jua la asubuhi likiupasha ubavu mmoja tu, myuko utakuwa umerudi. Kila siku saa ile ile mwanafunzi mmoja aweke alama ya mahali rangi ilipofikia. Kama siku ya kwanza imepanda sentimita moja, wasitegemee mbili siku ya pili. Watazipata siku ya nne. Waache waione kasi hiyo ikipungua kabla hujawaambia sababu yake.

Angalizo moja kuhusu pamanganeti: ikikutana na uchafu wa mimea, sukari au vumbi, hubadilika kuwa kahawia, na watoto watadhani rangi imetoweka kwa kusambaa. Kama maji yako si safi, tumia rangi ya keki iliyochanganywa na maji ya sukari, uipenyeze chini ya glasi taratibu kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano yake. Sukari ndiyo itakayoifanya iwe nzito na ikae chini.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wako aliyeuliza kuhusu pande zote, kwa maana anastahili kuonyeshwa kwa macho. Nunua pakiti ya jelatini wanayotumia waoka keki, uiyeyushe katika maji ya uvuguvugu, uigawe katika chupa mbili ndogo zenye vifuniko hadi nusu, na uziache zigande. Hapa baridi ya Mbeya inakuwa rafiki: usiku wa Juni jelatini huganda mezani bila friji, jambo ambalo mwalimu wa Dar es Salaam hawezi kulitegemea. Ikishaganda, ongeza juu yake maji ya rangi ya keki katika chupa zote mbili, ukizijaza pomoni na kuzifunga sawasawa. Moja isimamishe wima, nyingine igeuze kichwa chini. Jelatini huzuia maji kutiririka lakini haizuii chembe ndogo kupenya, kwa hiyo mikondo yote imekufa na difyusheni pekee imebaki. Baada ya siku moja au mbili pima rangi imeingia kiasi gani katika kila chupa. Katika moja imeshuka, katika nyingine imepanda, na vipimo vitakaribiana sana.

Swali. Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kike katika Wilaya ya Kilolo, Iringa. Katika mtihani wa darasa niliuliza difyusheni ni nini, na wanafunzi wengi wakaandika kwamba chembe “hupenda kwenda mahali penye nafasi, na zikishalingana hupumzika”. Niliwapa alama nusu. Mwalimu mwenzangu anasema nimewaonea, kwa sababu ndivyo tunavyowasemea wenyewe. Je, nimewaonea?

Jibu. Kidogo, Mwalimu, na kosa ni letu sote. Tunaposema chembe “huhama kutoka penye mkolezo mkubwa kwenda penye mkolezo mdogo”, sentensi ni sahihi kwa chembe zote zikihesabiwa kwa pamoja, lakini mtoto anaisikia kana kwamba kila chembe imechungulia, ikaona palipo wazi, ikafunga safari. Chembe haijui kitu. Hugongwa huku ikaenda kule, hugongwa kule ikarudi huku, nayo hupita penye msongamano na penye uwazi bila kubagua.

Hesabu ndogo ya ubaoni huondoa fumbo hili kuliko maelezo ya kipindi kizima. Chora chombo chenye vyumba viwili, kushoto chembe 80 na kulia 20. Sema kwamba kila dakika, chembe moja kati ya kumi huvuka mpaka, popote ilipo. Kutoka kushoto zitavuka 8. Kutoka kulia zitavuka 2. Hakuna iliyopenda kitu, na kila moja ilikuwa na nafasi sawa ya kuvuka, lakini kwa jumla upande wa kulia umeongezewa 6. Endelea hadi pande zote ziwe na 50. Sasa 5 zinakwenda na 5 zinarudi, kila dakika, bila kukoma. Mtu wa nje ataona kimya, ila mpakani hakuna hata moja inayopumzika.

Baada ya hapo walete maharage. Chukua ya njano na mekundu yenye ukubwa mmoja, weka ya njano nusu moja ya sinia na mekundu nusu nyingine, kisha mtoto mmoja atikise sinia huku amefumba macho. Yatachanganyika, na hata akitikisa hadi jioni hayatajipanga tena njano huku na mekundu kule. Usitumie mahindi na maharage pamoja. Punje za ukubwa tofauti zikitikiswa hujitenga, kubwa zikipanda juu, na utakuwa umefundisha kinyume cha ulichokusudia.

Ushahidi kwamba chembe za maji hazitulii hata maji yanapoonekana yametulia ulianza kuonekana mwaka 1827, pale Mwingereza wa asili ya Uskoti, Robert Brown, alipotazama kwa hadubini vijichembe vilivyotoka kwenye chavua ndani ya maji, akaviona vikitetemeka bila kukoma. Mwanzoni alidhani vina uhai. Akajaribu kwa unga wa mawe, navyo vikatetemeka vile vile. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba vinagongwa na molekuli za maji kutoka pande zote bila mpangilio, na Mfaransa Jean Perrin akathibitisha kwa vipimo, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1926. Ningewasimulia watoto hasa kipande kile cha unga wa mawe, kwa sababu Brown alikuwa na dhana ile ile ya wanafunzi wako, akaijaribu, akaiacha.

Na usiogope kutumia maneno ya nyumbani. Mtoto wa Kilolo anajua chai iliyokolea na mboga isiyokolea chumvi. Neno mkolezo limetoka hapo hapo, na mtoto akiambiwa hivyo siku ya kwanza hatalikariri, atalielewa. Alama nusu uliyowapa waongezee robo.

Swali. Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mafinga. Tumefundishwa kwamba molekuli za hewa huenda kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde. Lakini mwalimu alipopuliza pafyumu mbele ya darasa, sisi wa nyuma tulisubiri karibu dakika nzima kuisikia, na wa dirishani hawakuisikia kabisa. Kama kasi ni hiyo, harufu inachelewa wapi?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Inachelewa njiani kwa kugongana. Molekuli za naitrojeni katika joto la kawaida huenda kwa wastani wa karibu mita 470 kwa sekunde, na za pafyumu, kwa kuwa ni nzito zaidi, huenda polepole kuliko hizo, ingawa bado ni kasi ya kutisha. Tatizo ni kwamba molekuli haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla ya kuigonga nyingine na kugeuzwa mwelekeo, na migongano hiyo hufika mabilioni kwa sekunde moja. Mfikirie mtu aliyeko stendi ya Makambako siku ya mkesha wa Krismasi: miguu yake ina mbio, lakini kila hatua anapigwa bega na kugeuzwa, na baada ya nusu saa bado anaiona ile ile bango la basi lake.

Jibu hilo hata hivyo lina upande wa pili. Dakika moja uliyoiona kuwa ndefu ni fupi mno kwa difyusheni. Katika hewa iliyotulia kabisa, gesi huhitaji takriban saa saba kusambaa mita moja, na kwa kanuni ile ile ya muda kuongezeka kwa mraba wa umbali, ukuta wa nyuma wa darasa ungepata harufu baada ya siku kadhaa. Kilichowaletea pafyumu ni upepo: mlango, pumzi za wanafunzi arobaini, joto la miili yao linalopandisha hewa. Wenzako wa dirishani hawakusikia kitu kwa sababu upepo uliokuwa ukiingia dirishani uliirudisha harufu upande mwingine, jambo ambalo difyusheni peke yake isingelifanya. Jaribio la pafyumu linaonyesha vizuri kwamba harufu ni chembe zinazosafiri. Kwa kupima difyusheni halifai.

Usije ukadhani kutokana na hayo kwamba gesi ni mvivu. Difyusheni ndani ya gesi ina kasi ya takriban mara elfu kumi kuliko ndani ya maji, kwa sababu molekuli za gesi zimeachana mbali. Nanyi wa Nyanda za Juu mna ziada kidogo. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa huko ni ndogo kuliko ya pwani, molekuli ziko mbalimbali zaidi, na kama halijoto ni ile ile gesi husambaa kwa kasi inayozidi ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano. Ila halijoto si ile ile, na baridi yenu hula sehemu ya faida hiyo.

Mkitaka kuiona kwa haki, mwombeni mwalimu atumie mtungi wa plastiki unaopenyeza mwanga na wenye mfuniko. Vipande vya karatasi vilivyochovywa katika maji ya rozela, ambayo wengine huiita choya, vikining'inizwa kwa urefu tofauti ndani ya mtungi hubadilika rangi vikiguswa na mvuke wa amonia kutoka kwenye pamba iliyowekwa chini. Kwa kuwa amonia ni nyepesi kuliko hewa na huweza kupanda yenyewe, uwepo mtungi wa pili ambao pamba yake iko juu. Matone ya amonia ayatie mwalimu mwenyewe, nje ya darasa, na asiwepo mtu wa kunusa.

Swali. Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, Tukuyu. Wakati wa baridi huwa tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Nimesikia siku zote kwamba hewa mbaya ya mkaa ni nzito, inakaa chini, kwa hiyo anayelala kitanda cha juu hana neno. Binti yangu amesoma difyusheni shuleni, anasema si kweli. Nani ana haki?

Jibu. Binti yako, Mama, na umsikilize leo kabla ya usiku. Sumu ya jiko ni kabonimonoksaidi. Uzito wa molekuli yake ni 28, na wastani wa hewa ni karibu 29, kwa hiyo haina sababu ya kukaa chini wala juu. Joto la jiko huipandisha, mikondo ya chumba huizungusha, difyusheni humalizia pembe zilizobaki, na anayelala juu huivuta sawa na anayelala chini. Haina rangi wala harufu. Mkaa uliokwisha kutoa moshi na kubaki mwekundu bado unaitoa. Jiko liwake nje, na litakapowapasha watu joto libaki nje.

Dhana ya hewa nzito haikutoka hewani, hata hivyo. Huko huko kwenu Rungwe kabonidayoksaidi hutoka ardhini yenyewe, na huvunwa kwa matumizi ya viwandani, ikiwamo kuitia kwenye soda. Hiyo uzito wake ni 44, na mahali inapotoka kwa wingi kuliko inavyowahi kuchanganyika inaweza kutuama kwenye shimo lisilo na upepo, na huko ni hatari. Lakini ikishachanganyika na hewa haishuki tena kujitenga, kama vile sukari iliyoyeyuka kwenye chai ya jioni usivyoikuta imerudi chini ya kikombe asubuhi.

Swali. Mwalimu, niko Kidato cha Nne, Njombe. Mrija wa sentimita 100 una pamba ya amonia upande mmoja na ya asidi ya haidrokloriki upande wa pili. Pete nyeupe itatokea wapi?

Jibu. Tumia kanuni ya Thomas Graham, mkemia wa Uskoti aliyeitoa mwaka 1833: kasi ya gesi kusambaa ni kinyume cha kipeuo cha pili cha uzito wa molekuli yake. Kloridi ya haidrojeni, yaani gesi itokayo kwenye pamba ya asidi, ina 36.5, amonia ina 17. Gawanya, upate karibu 2.15, na kipeuo chake cha pili ni karibu 1.47. Amonia inakwenda sentimita 1.47 kila mwenzake anapokwenda moja, kwa hiyo pete, ambayo hutokea gesi hizo mbili zinapokutana, itakuwa karibu sentimita 59 kutoka kwenye pamba ya amonia. Hilo ndilo jibu la mtihani. Katika mrija halisi kuna hewa ya kuzisukumana nayo gesi zote mbili, nanyi mkipima mtakuta pete imesogea kidogo kutoka hapo, na mtasubiri dakika kadhaa kuiona. Usishangae pia kwamba baada ya muda pete inafifia. Si gesi ile, ni chembe yabisi za kloridi ya amoniamu, na utazikuta zimetua upande wa chini wa mrija kama vumbi la unga.